Chengfani kwa Tui la Korosho

Mjukuu wangu aliletwa Newala mwezi wa kumi na mbili, akiwa na miaka minne na miezi mitatu. Mama yake, ambaye ni mtoto wangu wa mwisho, alikaa naye kwangu siku tisa, kisha akarudi Guangzhou kwenye shughuli zake za kusafirisha mizigo ya wafanyabiashara. Alisema mtoto hawezi kuanza shule kule kwa karatasi alizonazo, na kwamba yeye mwenyewe hushinda ghalani tangu asubuhi mpaka usiku. Sikumuuliza zaidi. Nilifundisha shule za msingi maisha yangu yote, kuanzia Chiungutwa mpaka hapa nilipostaafia, na nilishapokea darasani watoto wengi walioletwa kwa babu na bibi zao kwa sababu ambazo hazikusemwa zote.

Asubuhi ya kuondoka, binti yangu aliniomba nimtoe mtoto nje.

"Akiniona na begi atalia, baba. Mpeleke akaone vifaranga."

Nikampeleka kwa jirani. Mtoto alichuchumaa mbele ya tenga, ameshika kidole changu kimoja, anatazama vifaranga wakipanda mgongoni kwa mama yao. Nikaisikia bodaboda ikiwashwa mbele ya nyumba yangu. Nikaisikia ikikata kona kuelekea stendi. Mtoto hakugeuka. Tuliporudi aliingia chumbani, akatoka, akaenda jikoni, akatoka, akaizunguka nyumba yote, kisha akaja kusimama mbele yangu na kunitazama usoni. Hakulia. Afadhali angelia, kwa sababu mtoto anayelia ningejua namna ya kumshika.

Mke wangu alikuwa ameshafariki. Kwa miaka minne nilikuwa nimejipikia mwenyewe, nikijua vitu vinne tu: ugali, maharage, chai na mayai ya kukaanga. Mboga za majani aliniletea jirani yangu, mama mmoja wa makamo ambaye mumewe nilimfundisha darasa la tano. Nilidhani vitu vyangu vinne vingetosha, na siku mtoto akivichoka tungeomba vya jirani.

Havikutosha. Ugali aliushika, akaunusa, akaurudisha sahanini polepole kama mtu anayerudisha kitu kisicho chake. Uji aliutema. Wali alikula punje chache, moja moja. Kisamvu alikitazama tu. Alichokubali ni ndizi mbivu na chai ya rangi yenye sukari nyingi, na kwa vitu hivyo viwili aliishi wiki ya kwanza, na ya pili, na ya tatu.

"Mwalimu, usihangaike," jirani aliniambia. "Mtoto akisikia njaa atakula. Hakuna mtoto aliyekataa chakula akafa."

Nilimwamini kwa siku chache. Kisha nikaanza kumhesabu mtoto mbavu wakati namwogesha.

Kiswahili alikielewa kidogo, kile cha mama yake: njoo, kaa, lala, oga, hapana, twende. Kukisema hakukisema. Alikuwa na lugha yake ya Kichina, na hiyo nayo hakuwa na mtu wa kuzungumza naye, kwa hiyo alikaa kimya mchana kutwa. Ila kila jioni, jua likishuka upande wa bonde na upepo wa uwanda ukianza kuwa wa baridi, alikuwa anakwenda kukaa kizingitini na kusema neno moja.

"Popo."

Mara ya kwanza alilisema taratibu, kama anayeuliza. Kisha akalirudia kwa sauti, na tena, mpaka likawa kilio. "Popo. Popo."

Nyumba yangu ilikuwa na popo, sitaficha. Wakati ule walikaa kati ya bati na dari upande wa mashariki, na magharibi ikiingia walitoka mmoja mmoja kupitia tundu lililo juu ya mlango wa mbele, pale pale mtoto alipokuwa anakaa. Nilichoshangaa ni kwamba katika maneno yote ya Kiswahili, hilo ndilo alilolishika. Nikapiga magoti karibu naye.

"Popo hawaumi, mjukuu wangu," nikasema. "Popo anakula wadudu. Popo ni rafiki yetu."

Kila nilipolitamka hilo neno alinyamaza na kunitazama mdomoni, macho yamemtoka, anangoja. Nami nikaendelea kumfundisha, jinsi popo anavyolala kichwa chini, jinsi anavyonyonyesha. Nilikuwa na darasa la mwanafunzi mmoja asiyepepesa jicho. Nilipomaliza alilia upya.

Mwisho nikamwita fundi. Alipanda juu na pilipili kavu kwenye kikaango cha makaa, akawafukiza, wakatoka wote saa nane ya mchana wakigongana na mwanga. Akaziba tundu kwa waya na saruji. Nikafagia mavi yao mwenyewe. Jioni ile nilikaa na mtoto kizingitini, hakuna hata mmoja aliyetoka, na bado alilia.

Siku moja mezani, baada ya kuisukuma sahani ya wali, alinitazama akasema kitu kipya. Nilimwomba arudie. Akarudia. Niliandika kwenye karatasi kama nilivyosikia: chengfani. Nikamtumia mama yake ujumbe wa sauti. Alipiga simu baada ya muda mfupi.

"Ni chakula, baba. Kama chapati nyembamba sana ya mchele. Wanaipika kwa mvuke, wanaweka kamba ndani, wanaikunja, wanamwagia sosi. Alikuwa anakula kila asubuhi."

"Kila asubuhi? Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ingesaidia nini? Newala utaipata wapi?"

"Ndani wanaweka nyama gani?"

"Kamba tu, baba. Kamba."

Akanitumia video. Ilionyesha mikono ya mtu bila kichwa, inamimina kitu cheupe kama maziwa kwenye sinia la mstatili, inalisukuma ndani ya sanduku la mvuke kama droo ya kabati, inalivuta, inaparua na kukunja. Ilichukua dakika moja na nusu. Niliitazama mpaka bando langu likaisha, nikaongeza bando nikaitazama tena. Nilijiambia kwamba nimewafundisha watoto wa watu kugawanya kwa njia ndefu. Mimi nishindwe na chapati?

Nikapeleka mchele mashineni. Kabla yangu palikuwa na mtu amesaga mtama, na unga wangu ulitoka na wekundu fulani. Nikaukoroga kwa maji, nikalipaka sinia mafuta, nikamimina, nikaliweka juu ya sufuria la maji yanayochemka na kufunika kwa sinia jingine. Wiki hiyo bomba lilikuwa halitoi, kama kawaida yetu huku juu, na nilikuwa na madumu mawili tu. Kilichotoka kilikuwa gundi. Kilishika sinia, kikashika kijiko, kikashika vidole vyangu. Nikajaribu tena kwa maji mengi zaidi, kikawa uji pembeni na jiwe katikati. Nikajaribu tena. Dumu moja likaisha kwenye kupika, na la pili kwenye kuosha.

Jirani alinikuta nje nakwangua sinia kwa kisu.

"Mwalimu, unapika nini?"

"Sijui," nikamwambia, na ulikuwa ukweli.

Alianza kucheka. Kisha akamwona mtoto amesimama mlangoni na ndizi mkononi, miguu yake imekuwa kama fimbo, akaacha.

Nina dada anayeishi Masasi, maeneo ya Mkomaindo, karibu na hospitali. Tulipanda gari la asubuhi mimi na mtoto, na kabla ya kwenda kwake tulipita hospitalini. Muuguzi alimpima uzito, wakamchukua damu, wakaniambia hana malaria wala minyoo, ila uzito uko chini. Akaniuliza anakula nini. Nikasema ndizi. Akaandika.

Dada yangu hupika vitumbua vya kuuza tangu nikiwa kijana. Nilimwonyesha ile video. Aliishika simu mbali na macho yake, akatazama mpaka mwisho, akanirudishia.

"Umetumia nini?"

"Unga wa mchele."

"Wa mashine?"

"Wa mashine."

"Kaka, ule haufai hata kwa kitumbua. Mchele unalowekwa. Unalala kwenye maji, asubuhi unasagwa na maji yake kwenye blenda mpaka ukipitisha kidole husikii chenga. Na hii yao inavutika, umeiona inavyovutika? Mchele peke yake hauvutiki hivyo. Chukua muhogo mbichi, ukwaruze, uukamue kwenye maji, uache utuame. Ule weupe unaobaki chini ndio utie."

"Kiasi gani?"

"Nitajuaje? Sijawahi kupika chakula hiki." Akamgeukia mtoto. "Na wewe, mjukuu wangu, njoo uonje kitumbua cha bibi."

Mtoto alikipokea kwa mikono miwili. Alikivunja, akatazama ndani, akakiweka magotini mpaka tulipoondoka. Dada yangu alijifanya hakuona. Alinipa blenda yake ya zamani niende nayo, na sokoni nikanunua kamba wakavu. Katika duka moja nikapata chupa ya sosi nyeusi ya Kichina iliyokuwa na vumbi shingoni. Muuzaji hakukumbuka ni nani aliyeiagiza.

Nilipika siku tatu baadaye, siku umeme ulipokuwepo na maji yakawepo. Mchele niliuloweka, muhogo niliukwaruza mwenyewe mpaka nikajikwaruza na kidole. Weupe wake ulituama chini ya bakuli, mgumu na laini kwa pamoja kama chokaa mpya. Nikavisaga, nikavichanganya na chumvi, nikaongeza maji kijiko kimoja kimoja mpaka mchanganyiko ukamiminika kama maziwa. Kamba niliwachemsha wakalainika, nikawakaanga na kitunguu. Ile sosi nyeusi peke yake ilikuwa chumvi tupu mdomoni, kwa hiyo nikatwanga korosho, nikakamua tui lake, nikalipasha na sukari kidogo na vijiko viwili vya sosi. Mke wangu alikuwa akitia tui la korosho kwenye kila kitu kilichomshinda. Nilimwiga.

Sinia la kwanza lilichanika. La pili nilipunguza mchanganyiko, nikafunika, nikahesabu mpaka mia moja na hamsini. Nilipofunua, utando ulikuwa umefura katikati, mweupe, unang'aa. Nikaparua kwa ukingo wa mwiko na ukaachia. Ukaachia wote. Nikaweka kamba, nikakunja.

Mtoto alikuwa amekuja mwenyewe mpaka mlango wa jiko. Nadhani ni mlio wa sinia uliomleta, au ile harufu ya mvuke wa mchele. Alisimama ameficha mikono nyuma. Nikaikata chengfani vipande, nikamwagia tui langu la rangi ya udongo, nikaiweka kwenye kigoda mbele yake. Alichukua kipande kwa vidole. Akala. Akachukua cha pili, akala. Akala cha tatu, na mdomo wake ukapakaa mafuta, na mimi nilikuwa nimeshika mwiko sithubutu kutikisika.

Kisha akainuka haraka. Alitoka jikoni akakimbia mpaka mlango wa mbele, akatazama nje kushoto na kulia. Akarudi, akachungulia chumbani. Uso wake ulikuwa umefunguka. Nilikuwa sijawahi kuuona hivyo.

"Popo?" akaniuliza. Alikuwa karibu kucheka.

Nilifurahi kwamba nina jibu. Nilichagua maneno mepesi anayoyaelewa, nikayasema polepole huku natikisa kidole kama mtu anayefukuza.

"Popo hayupo tena. Babu amemfukuza. Popo amekwenda. Harudi."

Niliona maneno yakimfikia. Alirudi nyuma hatua moja, akagonga kigoda, sahani ikamwagika. Akatoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa mtoto, wala sikupata kuisikia tena. Nilipomsogelea alinipiga mkononi, akakimbilia chini ya kitanda na kujibana ukutani, mahali mkono wangu haukufika.

Nilimpigia mama yake nikiwa nimekaa sakafuni.

"Popo ni nani?" nikamuuliza.

Akaanza kuniuliza hali ya mtoto.

"Nakuuliza. Popo ni nani?"

"Ni bibi, baba. Kwa lugha ya pale, bibi mzaa mama wanamwita popo."

"Bibi yupi? Bibi yake amezikwa hapa."

"Kuna mama mmoja wa Kichina, mjane. Anaishi ghorofa ya chini yetu. Ndiye aliyemlea, tangu ana miezi mitano. Alikuwa analala kwake Jumatatu mpaka Jumamosi."

"Wewe unamwona Jumapili."

"Baba, nilikuwa natafuta."

"Na huyo bibi alimuaga mtoto?"

Nikasikia anafunga mlango kule aliko.

"Nilimwambia tunakwenda likizo," akasema.

Mtoto alikuwa bado chini ya kitanda. Nililala kifudifudi, shavu kwenye saruji, nikamwambia Popo yupo. Popo yuko China. Babu hakumfukuza, babu alidhani ni mnyama wa darini. Nikasema mara nyingi, kwa sauti ya chini, kwa kila neno alilowahi kulielewa. Maisha yangu yote nilikula kwa mdomo wangu, kwa kueleza mambo mpaka mtoto mzito kuliko wote akaelewa, na pale sakafuni sikuwa na neno lolote la kumfaa. Alinitazama kwa macho makavu mpaka akasinzia.

Kesho yake binti yangu alinielekeza jinsi ya kuweka kwenye simu yangu programu ya Wachina, akanipa namba ya yule mama. Nikapiga simu ya video. Akatokea mwanamke mwenye nywele fupi nyeupe, miwani imefungwa kamba shingoni. Nilikuwa nimechanganyikiwa kiasi kwamba nikamwamkia shikamoo, mtu ambaye huenda ni mdogo wangu. Alisema neno, na kule chumbani mtoto akalisikia.

Sikujua kwamba alikuwa na maneno mengi namna ile. Aliishika simu kwa mikono miwili akaongea bila kupumua, akaongea huku analia, huku anacheka, akanionyesha mimi kwa kidole na kuongea zaidi. Nilielewa kwamba nashtakiwa. Yule mama alinitazama kutoka kwenye kioo, hakunitazama kwa hasira. Mtoto akamwonyesha chengfani niliyokuwa nimeipika asubuhi. Yule mama akavaa miwani, akaisogelea, kisha akainua vidole viwili akavibana mpaka vikakaribia kugusana. Nyembamba zaidi. Nikaitikia kwa kichwa. Akaonyesha kwa kiganja jinsi ya kulitikisa sinia ili mchanganyiko utandazike. Nikaitikia. Alikuwa anafuta macho kwa mkono mwingine huku ananifundisha.

Kisha mtandao ukakatika. Nilijaribu kupiga tena, nikajaribu nikiwa uani, nikajaribu nikiwa barabarani, haukurudi siku ile.

Mtoto alikwenda chumbani akatoka amevaa viatu, analiburuta sanduku lake la rangi ya waridi. Akaliweka kizingitini akakaa juu yake. Alikaa hapo mpaka nikambeba amelala, na asubuhi akarudi hapo. Siku mbili. Hakula chengfani, hakula ndizi, hata chai alikunywa kwa sababu nilimshika kidevu. Jirani alikuja akakaa naye. Niliogopa kuliko nilivyoogopa wakati mke wangu anaumwa, kwa sababu mke wangu alikuwa ananiambia anachotaka.

"Usimpigie tena, baba," binti yangu alisema. "Kila akimwona ataanza upya. Mwache asahau. Watoto wanasahau."

"Na yule mama?"

"Nitaongea naye."

Sijui kama aliongea naye. Ninachojua ni kwamba simu yangu ilianza kuita kila siku mnamo saa tisa alasiri. Picha iliyotokea kwenye kioo ilikuwa ya yule mama amempakata mjukuu wangu akiwa bado hana meno. Nilizima sauti. Simu ikawa inawaka mezani bila mlio, inawaka na kuzimika, nami naifunika kwa gazeti mtoto asiione. Nilijiambia nafanya kwa faida ya mtoto. Huenda ni kweli. Lakini kila mara nilitazama mlangoni kwanza kama mwizi.

Kula kwenyewe kulianza bila mimi. Ilikuwa mchana, niko kwenye mkorosho wangu wa nyuma nafyeka, jirani akaja mpaka ukingoni mwa shamba.

"Mwalimu, amekula."

"Nani?"

"Mtoto. Amekaa na wajukuu zangu kwenye sinia, mkubwa wao akamtengenezea tonge akamtia mdomoni. Ugali na mlenda. Amekula matonge sita."

Niliweka panga chini nikakaa. Alisubiri nisimame, na alipoona sisimami akaenda zake.

Mwezi wa sita, ukungu ulipoanza kutuamkia, mtoto alikuwa anaongea Kiswahili, na kwa wale wajukuu wa jirani alikuwa amechukua na Chimakonde, anakiongea vizuri kuliko mama yake. Mwanzoni alikuwa akiruka ngazi za nyumba anahesabu kwa Kichina mpaka kumi. Siku moja nikamsikia amefika tano, akasimama, akafikiri, akaendelea sita, saba, nane. Sikumuuliza.

Chengfani niliendelea kupika Jumamosi. Nimekuwa mzuri, nasema bila kujisifu. Zangu sasa ni nyembamba kiasi kwamba maua ya sinia yanaonekana kupitia kwazo. Kamba mtoto hawataki tena. Anaitaka tupu, yenye sukari na tui la korosho, na anaiita chapati laini ya babu. Dada yangu alipokuja kututembelea alikula nne, akasema ningekuwa Masasi ningemharibia biashara. Mimi mwenyewe sijawahi kujua kama inafanana na ile ya kule. Aliyekuwa anajua alikuwa anakula mbele yangu, na siku ambayo angeweza kuniambia ilikuwa imepita.

Mwezi wa kwanza mwaka uliofuata alianza darasa la awali. Simu za saa tisa zilikuwa zimepungua kidogo kidogo, kisha zikakoma kabisa. Wiki yake ya pili shuleni, nikiwa peke yangu nachambua mchele, simu ikawaka. Ilikuwa saa tatu na nusu asubuhi, saa ambayo yule mama hakuwahi kupiga. Hapakuwa na mtoto wa kumficha. Nikapokea.

Alikuwa amekonda. Nyuma yake ukutani palikuwa pamebandikwa karatasi nyekundu zenye maandishi. Hakunitazama kwanza, alitazama nyuma ya bega langu, upande mmoja, kisha mwingine.

"Shule," nikasema. "Yupo shule."

Hakuelewa. Nilikwenda nikaleta sare yake ya pili iliyokuwa kwenye kamba, nikaishika mbele ya simu kwa mabega yake. Nikaonyesha kwa mkono urefu wake wa zamani ubavuni mwangu, kisha wa sasa. Akafunika mdomo. Akaanza kusema jambo, refu, na sauti yake ikapanda na kushuka, nami nikamwacha amalize.

"Anakula," nikamwambia. "Anakula vizuri, mama."

Kisha nikamweleza kila kitu. Nilimweleza kuhusu vifaranga na bodaboda. Nilimweleza kwamba nilidhani yeye ni popo wa darini, na nilichomwambia mtoto. Nilimweleza kwamba simu zote nilikuwa naziona, kwamba nilikuwa nakaa mezani naziona. Nikasema mtoto hahesabu tena kwa lugha yake, na kwamba akimwona leo sijui kama atamjua. Ilikuwa rahisi kuyasema kwa sababu hakuelewa hata moja, na nadhani na yeye alikuwa ameniambia yake kwa sababu hiyo hiyo. Aliitikia kwa kichwa kila nilipotua.

Tulipomaliza tukabaki tunatazamana. Mimi sikujua namna ya kuaga, na yeye naona hakujua.

"Atarudi saa sita," nikasema mwishowe. Nikamwonyesha saa ya ukutani, nikapitisha kidole kutoka pale mshale ulipokuwa mpaka pale ungefika. "Saa sita. Bado sana."

Akatikisa kichwa kukubali, sijui alikubali nini. Kisha akavuta kiti, akaiegemeza simu yake mahali, akakaa kungoja.